Shahidi Aliyevaa Buti

Watu walimwita Gundi, na jina lilimkaa. Mikono yake ilinuka gundi ya ngozi Jumatatu hadi Jumapili, na hata mkewe alipomwandalia chakula alikuwa akimwambia, "Nawa kwanza, usije ukagandia sahani." Alikuwa askari kama askari wengine, mwenye namba yake na kofia yake, ila bunduki aliishika kwa nadra. Kazi yake ilikuwa viatu vya maofisa wa kizungu wa kambi ile. Soli zikilika, anabadilisha. Kisigino kikilegea, anakigonga. Buti la meja likimbana kidole gumba, linavishwa kalibu, ule mguu wa mbao, siku mbili mpaka litanuke. Na yote hayo fundi mwenyewe aliyafanya akiwa peku.

Ndiyo, peku, msishangae. Katika jeshi lile la wakoloni askari wenyeji walipewa kaptula, shati, mkanda, na vitambaa virefu vya kuzungushia miundi. Kuanzia kifundo kushuka chini, kila mtu na alichojaliwa na Mola wake.

Gundi alikuwa mcheshi. Akiingia mahali pamenuna, baada ya dakika tano watu wanajishika mbavu. Mimi sina ugomvi na ucheshi, jamani, lakini mcheshi ana ugonjwa wake: akiona nyuso zinaelekea kucheka, hawezi kujizuia. Atauza hata mama yake mzazi apate kicheko kimoja. Huyu wetu aliuza kitu kingine, na ndicho ninachotaka kukisimulia, ingawa hadithi yenyewe haina sifa ya kumpa mtu yeyote.

Mwaka huo yaliletwa makasha thelathini, yakarundikwa stoo. Gundi aliitwa ayafungue akague mishono. Akakuta buti. Buti mpya, jozi mia tatu, ngozi nene, soli zenye misumari, na vipimo vya kila mguu. Bwana stoo akamwambia ni za askari wenyeji, ila bado mkubwa mmoja wa makao makuu hajatia sahihi. Bwana stoo alipotoka kwenda kunywa chai, Gundi alitazama mlangoni, akachagua jozi moja, akaivaa. Akasimama nazo katikati ya makasha. Akapiga hatua tatu kwenda na tatu kurudi. Alijisikia mtu mzima, mtu wa maana, tena alitabasamu peke yake kama bwana harusi. Kisha akazivua haraka, akazipangusa kwa shati lake, akazirudisha.

Siku mbili baadaye meja aliingia karakana ya Gundi, kibanda kidogo chenye meza ya mbao na dirisha moja, akifuatana na kapteni na huyo mkubwa wa makao makuu. Alikuwa mzungu mwembamba, mwenye miwani na daftari, mpole wa kuongea. Alisema ana wasiwasi. Watu waliotembea peku tangu kuzaliwa, ukiwatia kwenye buti, si watachubuka? Si watashindwa kutembea? Meja akacheka. "Tumuulize fundi," akasema. "Huyu anajua ngozi, na anajua miguu ya watu wake. Fundi! Hawa watu wako wanahitaji viatu kweli?"

Jibu lilikuwa maneno mawili: ndiyo, bwana. Hata mtoto angeyasema. Lakini Gundi aliinua macho akaona nyuso tatu zimekaa mkao wa kucheka, zinangoja. Ule ugonjwa ukampanda.

"Bwana mkubwa," akasema, "ng'ombe amepewa ngozi yake na sisi tumepewa yetu. Sasa nimvue ng'ombe ya kwake nimvalishe mtu ambaye tayari anayo?"

Wakacheka. Kicheko kikamlevya. Akapandisha mguu wa kulia juu ya meza, akachukua msumari mmoja mdogo wa soli, akauweka ukingoni mwa kisigino, pale penye ngozi nene yenye nyufa, akaugonga kwa nyundo, taratibu, mara tatu. Msumari ukaingia, ukasimama.

"Mnaona?" akasema, mikono juu. "Huku hata damu haijui njia ya kutokea!"

Kapteni alicheka mpaka akashika meza. Yule mwembamba aliinama, akaugusa msumari kwa ncha ya kalamu yake, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaandika kwenye daftari. Meja akampiga Gundi bega na kumpa pakiti ya sigara.

Kabla ya wiki kuisha makasha yote thelathini yalipakiwa tena kwenye lori. Gundi alisimama mlangoni mwa karakana akaliangalia lori likitoka getini. Moyo ulimpiga kidogo. Kidogo tu, nisimsingizie. Mwezi uliofuata alipewa alama za ukoplo, mkewe akazishona kwenye mkono wa shati kwa uzi mweupe, na jioni hiyo majirani walikuja kumpongeza.

Lakini kisigino kilioza. Hilo hakuwaambia wale wazungu. Msumari ulikuwa umeingia ndani kuliko alivyokusudia, ukaacha jipu, na kwa siku kumi alikuwa anachechemea akiwa peke yake na kunyoosha hatua akiwa mbele za watu. Nyumbani aliutia mguu kwenye karai la maji ya moto na chumvi. Mkewe akamuuliza kulikoni. Akamjibu kwamba amechomwa na msumari kazini. Na hapo alisema kweli, mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Sasa mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, na huyo naye alikuwa askari kambini hapo. Gundi mwenyewe ndiye aliyemtia jeshini. Alikwenda kwa wakwe akakaa uani akasema, "Nipeni huyu kijana, nitamwangalia kama mboni ya jicho langu." Mama mkwe akalia kidogo, akakubali. Kwa hiyo shemeji yake huyo alikuwa juu ya ahadi yake, na kila mtu katika ukoo alilijua hilo.

Mwaka uliofuata kikosi kikapelekwa milimani kulinda barabara iliyokuwa ikichongwa. Huko ardhi ilikuwa mawe meusi, makali kama chupa iliyovunjika, na alfajiri baridi ilikuwa ya kumfanya mtu asahau jina la baba yake. Maofisa walikwenda na buti zao. Fundi wao alikwenda nao, amepakiwa kwenye lori pamoja na kalibu na nyundo. Askari walitembea.

Msidhani ilikuwa viatu tu. Kulikuwa na mengi. Mtu wa miaka arobaini, mwenye wajukuu, anaitwa "boi" na luteni ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia. Unga wao ulikuja na wadudu, na nyama ilipofika walipewa mifupa. Sajenti aliyepigana vita nzima na ana kovu la kuonyesha alikuwa anasimama kumpigia saluti kijana aliyeshuka melini wiki iliyopita. Barua za nyumbani zilifunguliwa na kusomwa kabla hazijawafikia. Yote hayo waliyameza. Mtu humeza mengi akiwa na mke na watoto kwenye nyumba za kambi. Lakini mguu haumezeki. Kila hatua unakukumbusha wewe ni nani machoni pa hao unaowatumikia.

Wakaanza kuja kwenye hema la Gundi kila alasiri. Wanakaa juu ya jiwe, wananyoosha mguu. Nyufa za kuingiza kidole. Kucha zimeng'oka. Wengine wanafunga mguu kwa vile vitambaa vya miundi, damu inapita, vitambaa vinagandamana na nyama. Gundi aliwaosha, akawapaka mafuta ya kulainishia ngozi, maana hakuwa na dawa nyingine. Aliwakatia ndala kutoka mabaki ya ngozi na mpira wa gurudumu. Wiki ya pili kapteni akaziona ndala zile kwenye gwaride, akawaka. "Hii ni takataka gani? Huu ni mzaha wa sare!" Ndala zikakusanywa na kuchomwa moto mbele yao, na askari wanne wakafungiwa kwa kuzivaa.

Siku moja alikuja shemeji yake, anaegemea bunduki kama mkongojo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekuwa vyeusi.

"Shemeji," akasema, "hebu nitazamie. Naona kama havinijui tena."

Gundi alivishika. Vilikuwa baridi kama vya maiti. Alitaka kufanya mzaha, ndilo alilolizoea, lakini haukumjia. "Nenda kwa dresa," akamwambia. Dresa, mfunga vidonda wa kikosi, alivikata siku iliyofuata, na baada ya siku nane kapteni akaagiza majeruhi wote wanaoweza kusimama warudi kwenye mstari.

Gundi alijua. Kila mguu uliolazwa kwenye paja lake ulimwambia, ni wewe. Alilala nao, aliamka nao. Mara nyingi alifungua mdomo amwambie shemeji yake, kisha akaufunga. Atasema nini? Kwamba buti zilikuwepo? Kwamba alizivaa yeye, akatembea nazo stoo akitabasamu, kisha akaziuza kwa pakiti ya sigara? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Huu wa Gundi uliponza miguu mia sita.

Wiki ya kumi na moja ilitoka amri: kikosi kivuke mlima mwingine, siku tatu za kutembea. Asubuhi askari walipangwa mstari. Kapteni akatoa amri ya kuondoka. Mstari wa mbele ukakaa chini. Haukupiga kelele, haukutupa silaha. Waliweka bunduki mapajani, wakanyoosha miguu yao mbele, nyayo zikimtazama kapteni. Mstari wa pili ukakaa. Kapteni akarudia amri mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyenyanyuka.

Wenyewe wazungu waliita uasi. Wakachaguliwa kumi na wawili waliosemekana kuwa ndio vichwa, shemeji yake Gundi akiwemo, wakarudishwa kambini na pingu.

Kesi ilipangwa baada ya mwezi. Siku moja kabla yake, meja alimwita Gundi ofisini. Hakumkaribisha kiti. "Wanasema waligoma kwa ajili ya viatu," akasema. "Sisi tuna ripoti ya yule mkaguzi wa makao makuu kwamba viatu havihitajiki, na ripoti hiyo imetokana na maneno yako na kisigino chako. Utaitwa. Ukisema vingine kesho, maana yake ulimdanganya mkaguzi wa serikali. Adhabu yake unaijua?" Gundi akasema anaijua. "Vizuri. Na nafasi ya sajenti iko wazi."

Asubuhi ya kesi mkewe aliamka mapema, akapasha pasi ya mkaa, akamnyooshea shati mpaka mikunjo ikasimama. Alikuwa amefurahi, maskini. Alikuwa na imani. "Mungu ni mkubwa," akasema, "angalau shahidi ni mtu wetu. We waambie ulichokiona tu, baba watoto. Usiongeze, usipunguze. Ndugu yangu atarudi nyumbani." Gundi akaitikia kwa kichwa.

Akiwa anafunga mkanda, bwana stoo akatuma mtu na mfuko wa karatasi wenye jozi ya buti. Ameagizwa na meja. Fundi azivae, kwa kuwa mahakamani si mahali pa kuingia peku.

Mmesikia hilo? Walimvisha buti aende akaape kwamba watu wake hawahitaji buti. Na akavaa. Angeweza kukataa hata hapo.

Mahakama ilikuwa ukumbi wa kulia chakula maofisa, viti vimepangwa upya, bendera mezani. Sakafu ilikuwa ya mbao. Gundi alipoitwa, buti zilipiga ko, ko, ko kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya shahidi, na alitamani sakafu impasukie immeze. Washtakiwa kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi refu, peku, miguu imepangwa mbele yao. Walimwangalia usoni, wote. Hakuna hata mmoja aliyetazama buti.

Aliyewatetea alikuwa luteni kijana, mzungu, masikio mekundu kwa woga. Alijitahidi, nisimnyime haki yake.

"Wewe ni fundi wa viatu," akasema. "Umeiona miguu ya askari hawa huko milimani, siku baada ya siku. Nakuuliza kama fundi. Walikuwa wanahitaji viatu?"

Gundi alimwona meja pembeni, amekunja mikono. Alimwona shemeji yake, shingo mbele kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake kulikumbuka neno.

"Miguu ya watu wetu imezoea, bwana," akasema.

Luteni akaenda mpaka kwenye benchi, akaonyesha mguu wa kushoto wa shemeji, wenye vidole vitatu. "Hata huyu?"

Hapa ndipo mimi hushindwa kumtetea, na nimejaribu. Angeweza kunyamaza, angeweza kusema sijui. Lakini uongo ukishapanda kiti unataka na mto wa kuegemea. "Huyo," akasema Gundi, "huyo ni uzembe wake, bwana. Hakujitunza."

Hilo la uzembe hakuna aliyemtuma. Meja mwenyewe alionekana kushangaa. Shemeji yake aliirudisha shingo taratibu, akauvuta mguu chini ya benchi, akauficha nyuma ya mwingine. Yeye ndiye aliyeona haya.

Miaka mitatu jela, kazi ngumu, na kufukuzwa jeshini.

Mkewe alikuwa nje na wake wa washtakiwa, chini ya ukuta wa stoo. Habari zilimfikia kabla ya mumewe. Alipomwona anatoka na buti zile, uso umemwiva, alimwendea mbio akamshika mikono. "Walikutisha," akasema. "Sema. Walikutisha, eti?"

Na kichwa cha Gundi kikaitika. Uso umeumbwa na haya, wanasema, lakini wa kwake siku hiyo uliitikia tu.

Basi mwanamke yule akalichukua neno hilo akalifanyia kazi. Jumapili moja baada ya nyingine alizunguka nyumba kumi na moja za wake wa wale washtakiwa wengine, wengi wao walikuwa wamehamia vyumba vya kupanga nyuma ya kambi, akakaa nao, akawasaidia kufua na kulea, akawaeleza: mume wangu walimtisha, wangemuua, msimhesabie kosa. Wengine walimwamini haraka, wengine polepole. Mwisho wote waliamini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa anarudi jioni amechoka, anamwambia mumewe, "Leo mama fulani amekubali kunywa chai na mimi." Gundi anasema, "Mungu akulipe," anatazama pembeni.

Usajenti alipewa, akaukubali. Muda wake ulipokwisha aliacha jeshi, akafungua karakana barazani mwa nyumba ya kupanga mjini. Kazi ilikuwa nzuri, mkono wake haukuwa na mpinzani. Ila wateja waliomjua zamani walisema Gundi amekuwa bubu. Mtu akimtania, anaangalia chini anavuta uzi. Alijifunza kupokea viatu bila kutazama miguu iliyovitoa.

Miaka mitatu ikatimia. Washtakiwa walitoka kumi na mmoja. Mmoja kifua kilimmaliza humo humo ndani. Shemeji yake alitoka amekonda, ameota upara, anatembea kwa fimbo na kutupa mguu pembeni. Dada yake alisema hakuna pa kwenda ila hapa, akamtandikia kitanda chumba cha watoto.

Mchana shemeji akawa anakuja barazani, anakaa kwenye kiti cha wateja, anasoma gazeti la juzi, anaongea habari za kawaida. Hakuuliza chochote. Alimwita shemeji vilevile kama zamani. Akipewa chai anashukuru. Hilo ndilo lililomuua Gundi. Laiti angetukana! Laiti angemtupia ile fimbo! Siku ya tano, wakila chakula cha mchana, mkewe alisema, "Ndugu yangu, usimwekee shemeji yako kinyongo. Wale watu walimtisha, na wewe unalijua hilo." Shemeji akatafuna, akameza, akasema, "Najua, dada." Gundi alishindwa kumaliza sahani yake.

Siku ya kumi na tisa Gundi akasema. Ilikuwa saa nne asubuhi, barazani hakuna mteja. Aliweka kiatu chini na kuanza kusema huku anatazama mikono yake. Alianza na makasha. Akaeleza alivyovaa buti stoo akatembea hatua sita. Akaeleza wale watatu, swali, ng'ombe na ngozi yake, msumari, kicheko, sigara. Akaeleza jipu. Akamaliza na lile neno la uzembe. Mpaka anafika hapo, kwapa zilikuwa zimelowa na sauti imebaki nusu.

Shemeji alikunja gazeti. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, shemeji."

"Basi nisikilize na mimi. Sisi tulijua."

Gundi akainua kichwa.

"Mtumishi wa mesi ya maofisa alikuwa amesimama nyuma yao mlangoni na chai ya wakubwa. Alitusimulia jioni ileile. Na sisi tulicheka, nikwambie kweli. Tulisema, Gundi bwana na vituko vyake. Huko milimani ndiko tulikoacha kucheka. Wako waliotaka kukuvizia wakuvunje huo mkono. Nikawazuia mimi. Niliwaambia, huyu nimekula kwake, namjua, ana mzaha lakini ana haya. Siku akiulizwa mbele za watu atasema kweli." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Unafikiri tulikaa chini pale kama wehu? Tulijua tutashtakiwa. Tulipanga tushtakiwe, shemeji. Kwenye mashtaka lazima wailete ile ripoti, na ripoti ikija, lazima uje wewe. Hatukuwa na shahidi mwingine. Tuligoma kwa kukutegemea wewe."

Nje gari lilipita, vumbi likaingia.

"Jina lako liliposomwa," shemeji akaendelea, "mwenzangu aliyekaa kulia alinibana mkono akaninong'oneza, 'Tumepona.' Huyo ndiye aliyefia jela."

Gundi aliteremka kwenye kigoda akapiga magoti, akaanza kuomba radhi, maneno yanakatika katika. Shemeji alimshika bega, si kwa ukali, akamsimamisha.

"Mimi nimeshakaa na jambo hili miaka mitatu, limenichosha. Lakini dada yangu halijui. Amekuwa akikuombea msamaha kwa jina la uongo, nyumba kwa nyumba. Kamwambie. Mimi sitakusaidia."

Alimkuta mkewe uani anaanua nguo. Akamwambia akiwa amesimama, maana kukaa aliona ni kujipa heshima. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika shuka kifuani. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile nje ya mahakama nilikuuliza kama walikutisha. Ukaitika. Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Kwa hiyo aibu yako ukanitwika mimi." Aliikunja ile shuka, kona kwa kona, akaiweka juu ya nyingine. "Miaka mitatu nazunguka kwa watu na uongo wako mdomoni. Nimekunywa chai zao. Nimeapa, mume wangu. Nimeapa mbele ya watoto wao." Machozi yalimtoka hapo, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. "Vaa shati."

"Twende wapi?"

"Nyumba kumi na moja. Mimi nitasimama tu. Utasema wewe."

Walianza kwa mjane. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, cherehani dirishani, picha ya marehemu akiwa na kofia ya jeshi ukutani. Mjane alipowaona alifurahi, akapangusa kiti kwa upindo wa kanga, akamkalisha Gundi, akamtuma mtu akanunue sukari. Akasema ni heshima kubwa, maana kila siku anamwona mama peke yake. Kisha akakaa kitandani, akamwinamia Gundi kwa huruma, huruma ya kweli kabisa.

"Pole na wewe, shemeji yangu. Mkeo ametueleza walivyokutisha. Hata mimi nilisema, mwacheni yule baba, na yeye aliumizwa kama wetu."

Gundi alimwangalia mkewe. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu.

"Mama," Gundi akasema, "hiyo sukari mwambie asinunue." Alisimama kutoka kwenye kiti alichopangusiwa. "Kabla hawajanitisha, mimi nilikuwa nimeshamuuza mumeo. Nilimuuza nikicheka."